Mwenye Mtu Dubai

Ijumaa, 3 Julai 2020

"Mwenye mtu Dubai hana shida ya corona." Hivyo ndivyo alivyoandika Wafula asubuhi hii kwenye kundi la WhatsApp la kata yetu, na watu wakamwekea vidole gumba mpaka chini ya skrini. Wafula ndiye mwenyekiti wa kamati ya msaada wa wakulima, iliyomwacha mama yangu nje ya orodha. Nilimsoma nikipiga pasi sare ya hoteli ninayofanyia kazi hapa Dubai, ambayo imefungwa tangu Machi. Nikaunguza kola.

Uongo. Tena uongo wa kivivu. Kaunti haikutangaza sadaka kwa maskini. Ilitangaza malipo kwa mashamba yaliyopoteza soko. Shule ya bweni iliyokuwa ikinunua kabichi na maziwa kutoka kwa mama ilifunga lango, na kabichi zikaozea shambani. Kabichi haina mtoto Dubai. Ng'ombe hana mtoto Dubai. Na kama tunahesabu watoto, basi tuanze na wenye watoto katika ofisi za kaunti, hao waondolewe wa kwanza. Halafu Wafula anajuaje kilichomo mfukoni mwangu?

Hilo la mwisho sikuliandika kwenye kundi. Mengine yote niliyaandika, kwa aya, kama nilivyokuwa nikiwafundisha watoto wa kidato cha tatu.

Baadaye nikamaliza kupiga pasi. Hakuna anayeniita kazini. Kila Ijumaa napiga pasi tu.

Jumapili, 5 Julai

Chumba kimepoa. Siku za kazi tulikuwa tumejaa humu, kila mtu na kitanda chake nyuma ya ubao wake wa kugawa chumba, na mimi nikitamani kimya nipate kusoma. Sasa kimya kipo. Vitabu navifungua, nasoma ukurasa uleule, navifunga.

Wengine wamerudi kwao kwa ndege za serikali zao. Nimebaki na Mwanaidi, mpishi kutoka Tanga. Madam wake alihamia kwao Ulaya na familia nzima, akamwachia mchele na mfuko wa nguo za watoto. Mwanaidi hana mtoto.

Nimempigia mama simu. Kabla ya kupiga nimevaa sare, nikasimama dirishani ili mnara wa vioo wa ng'ambo ya barabara uonekane nyuma yangu. Sote huku tunafanya hivyo. Hakuna Mkenya wa mtaa huu wa Muraqqabat aliyewahi kupigwa picha akiwa kitandani kwake.

Akaniuliza nimekula nini. Nikasema samaki. Ulikuwa mchele.

Nikamuuliza kabichi. Akasema ziko sawa. Nikamuuliza kuhusu malipo ya kaunti. Akaanza habari za kwaya. Mama hajawahi kuimba kwaya.

Jumatano, 8 Julai

Siku ya vita. Nimekaa kitandani tangu asubuhi nikipigana na watu walio kilomita elfu kadhaa kutoka hapa.

Wafula amejibu. Ameandika kwamba siasa ya ng'ambo ni tamu kwa sababu msemaji halioni jembe. Nikamjibu kwamba nililima lile shamba la kando ya mto yeye akiwa bado anatumwa dukani na kupoteza chenji. Watu wakacheka. Kisha akaandika: "Mwalimu, tuma pesa, acha kutuma insha." Wakacheka zaidi.

Neno hilo liliniingia. Sikuonyesha. Nikatuma insha nyingine.

Mwanaidi alikuwa akinitazama kutoka kwenye jiko la pamoja, mwiko mkononi.

"Dada Rodah, hiyo simu imekukosea nini? Unaichapa kama ngoma."

Nikamweleza. Akasikiliza vizuri, kisha akasema Wakenya hata salamu zetu zina ugomvi, mtu akikuuliza habari ya asubuhi unatamani umwone wakili kwanza. Nikacheka. Mara ya kwanza wiki hii. Nikaona aibu kwa jinsi nilivyocheka kwa muda mrefu.

Jioni wifi yangu Everlyne, mke wa kaka yangu marehemu, alinitumia ujumbe wa sauti. Yeye na mama ndio wanaolima. Anasema lile shamba la kando ya mto, la kukodi, mwenye shamba anataka kodi ya mwaka kabla ya mwezi huu kuisha. Kuna mtu wa mjini anayelitaka apande mikaratusi. Ikishapandwa mikaratusi, khalas, ndiyo basi. Maji yanakwisha na hakuna atakayelima mboga pale tena. Ndilo shamba pekee lenye maji. Mama ameishi kwa shamba hilo tangu baba alipofariki.

Malipo ya kaunti yangetosha kodi na mbegu. Everlyne hakuniomba. Alisema tu. Halafu akaongeza, "Lakini najua wewe una mipango yako huko, wifi."

Sina mpango wowote.

Alhamisi, 9 Julai

Nimemwandikia afisa wa kilimo wa kaunti. Nimenukuu tangazo lao wenyewe. Nimeuliza swali moja tu: ni wapi palipoandikwa kwamba mtoto aliye ng'ambo hulipia shamba hasara?

Barua nzuri. Nimeisoma kwa sauti. Ubao haukujibu.

Jumapili, 12 Julai

Hakuna jibu. Ibada kwa simu. Mchungaji alikatikakatika, kisha akaganda mdomo ukiwa wazi. Nilimwangalia hivyo muda mrefu kabla sijazima.

Mwanaidi amepata kibarua mtaa wa Al Nahda, kuosha nyumba ya familia inayohama. Akaondoka mapema. Nimeshinda bila kutamka neno hata moja mpaka aliporudi. Nilipofungua kinywa sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

Jumatatu, 13 Julai

Nimeshinda.

Afisa amejibu kwenye kundi lenyewe, mbele ya wote. Amesema Mwalimu yuko sahihi. Malipo ni ya shamba. Kuwa na jamaa ng'ambo hakumwondoi mtu. Kamati ipokee upya majina ya walioachwa, mwisho Jumamosi.

Nikashika kalamu ya moto. Nikaandika kwamba ukweli haupandi ndege, uko palepale na mwenye macho auone. Nikaandika kwamba kuna mtu aliyekalia haki ya mama yangu, na aliyekula jasho la mjane atalitapika. Sikutaja jina. Hapakuwa na haja.

Watu waliokuwa wakicheka Jumatano wakanipigia makofi. Ndivyo walivyo.

Wafula kimya. Si kawaida yake.

Nikavaa viatu nikashuka barabarani. Nilitaka kumwambia mtu. Nusu ya maduka yamefungwa, joto linapanda kutoka kwenye lami na barakoa inanasa usoni. Nikamwambia kijana wa duka la maji kwamba leo nimeshinda kesi kubwa ya wakulima. Akauliza wakulima wa wapi. Nikamtajia kaunti yetu. Akasema inshallah kheri, akanipa chupa.

Nikarudi. Nikampigia mama, hakupokea. Mwanaidi alikuwa Al Nahda. Nikayasoma makofi tena, moja moja, na majina yao.

Jumanne, 14 Julai

Wafula amenipigia simu. Si maandishi. Sauti.

Nilikuwa tayari. Nilikuwa na hoja mkononi kama mawe. Akanisalimu kwanza, akaniuliza afya, akaniita Mwalimu kwa heshima, na nikajua kuna kitu.

Nayaandika alivyoyasema, ili nisijidanganye baadaye.

Kabla ya ugomvi wetu, kamati iliita wakulima kwenye uwanja wa kanisa. Viti vilitengwa, barakoa usoni. Utaratibu ni ule wa siku zote wa kwetu: jina linasomwa, mwenye jina anasimama, na majirani wanathibitisha kwamba kweli ni mkulima na kweli amepata hasara. Hakuna siri. Tumefanya hivyo tangu enzi za mahindi ya njano ya msaada wa njaa, na kila mtu anauona ndio uadilifu.

Jina la mama lilikuwa la kwanza. Wafula mwenyewe ndiye aliyelitanguliza. Likasomwa. Mama akasimama, akashusha barakoa wamsikie vizuri, akasema:

"Mimi nina Rodah. Wapeni wasio na mtu."

Wafula akamwomba afikirie tena. Akamwambia ni malipo ya kabichi, si ya umaskini. Mama akamwambia akae chini, yeye ndiye aliyemlisha maziwa kabla hajaota meno, asimfundishe hesabu. Watu wakapiga makofi. Kwa furaha. Kwa kumheshimu.

Jina lililofuata ni la mama mwenye mtoto Qatar. Angefanya nini? Naye akasimama, akasema mtoto wake anatuma. Aliyefuata ana binti Saudia. Naye hivyohivyo. Wakaendelea mmoja baada ya mwingine, kwa sababu hakuna aliyetaka kuketi pale akiwa mama wa mtoto asiyetuma. Kufikia mwisho wa mkutano ilikuwa imekuwa kanuni, na kamati ikaiandika kama kanuni. Wafula akaitangaza kwa ile sentensi yake.

Akasema, "Nilinyamaza kwenye kundi kwa ajili ya mama yako. Sasa umeniita mwizi mbele ya watoto wangu. Niambie nifanyeje, Mwalimu."

Nimebishana na wakuu wa shule, na mapadri, na mbunge mmoja uso kwa uso.

Wafula nilimwambia nitampigia. Nikakata.

Jumatano, 15 Julai

Everlyne amethibitisha. Nilimlazimisha. Yule ng'ombe mtamba mweusi wa mama ameuzwa. Sehemu ya pesa ilinunua mbolea. Sehemu ilikwenda kanisani, kwenye mchango wa paa, na ikasomwa madhabahuni: kutoka kwa Rodah wa Dubai. Watu wakaniombea.

Kwa hiyo nimechangia paa. Sikujua.

Hasira haina pa kwenda. Siku zote nimekuwa na adui. Nimesoma vitabu vya kutosha kuhusu dola na mkulima, na kote mkono unaomnyang'anya mkulima huwa na pete na muhuri. Hakuna kilichoniambia kwamba mkono unaweza kuwa wa mama, na kwamba ananyang'anya kinywa chake mwenyewe ili alishe jina langu.

Kisha nikakumbuka sare na dirisha. Nani alimfundisha?

Mwanaidi amepata nafasi kwenye ndege ya Dar. Anaondoka kesho. Amenieleza huku akikunja nguo zile za watoto, atawapelekea wapwa zake. Nikamwambia hongera. Nikaenda bafuni nikafungua bomba.

Alhamisi, 16 Julai

Ameondoka. Aliniachia mafuta nusu chupa, mchele, na kioo chake. Mlangoni akasema, "Shoga, ugomvi mwingine ni njaa tu. Kula kwanza." Akanikumbatia, barakoa na yote, kinyume cha sheria zote.

Nimebaki mimi na vitanda vitupu. Wakala wa nyumba alipita akauliza kama nitabaki peke yangu. Nikasema ndiyo. Akatazama mbao, akahesabu kwa macho.

Nimemwomba Wafula radhi. Kwa simu, faraghani. Akasema yameisha. Kwake huenda yameisha.

Ijumaa, 17 Julai

Nimezungumza na mama. Bila sare. Bila dirisha. Niliketi kitandani na kamera nikaielekeza chumbani, aone mbao, aone kamba ya nguo, aone taa inayoning'inia.

Nilijiandaa tangu alfajiri. Utangulizi, hoja, hitimisho. Vyote vikaanguka.

"Mama, sina kazi."

Nilisikia kuku, na mtu akipasua kuni mbali. Kisha mama akasema, kama mtu anayejibu habari za mvua:

"Najua. Tangu Pasaka unanipigia saa nne asubuhi. Mwenye kazi hapigi simu saa nne asubuhi."

Alijua. Siku zote hizo nikimweleza samaki, alijua, akanijibu kwamba kabichi ziko sawa. Tumelindana kwa uongo kama watu wawili wanaobebana kuvuka mto, kila mmoja akidhani ndiye amembeba mwenzake.

Nikamuuliza basi kwa nini alikataa. Akaniuliza nilitaka aseme nini, tena mbele ya nani. Nilipoondoka nilikuwa nimepita arobaini. Shule ya binafsi ilikuwa imenifukuza kwa sababu ya mdomo wangu. Ndoa ilikuwa imekwisha kwa sababu hiyohiyo. Majirani wakasema mwalimu mzima anakwenda kutandikia Waarabu vitanda, na atarudi na mfuko wa nailoni. Walimwambia mama usoni, kisimani. Nami sikuwapo kuwajibu. Alikaa nao yeye, miaka yote hii, nami huku nikidhani ndimi mpiganaji wa familia.

Nikamwambia nitasema ukweli kwenye kundi. Akasema nisimvue nguo sokoni. Nikaanza kumweleza: kwanza, aibu si yetu, pili, shamba litakwenda kwa mikaratusi, tatu...

"Hiyo ni hotuba," akasema. "Mimi ni mama yako."

Nikafunga mdomo. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizofanya nchi hii.

Tukakaa hivyo, simu ikiwa wazi. Nikamwona amezeeka upande mmoja wa uso, ule unaokaa juani. Aliinuka akamfukuza kuku kwenye unga, akarudi. Kisha akasema, bila kuniangalia, kwamba yeye hatasimama tena kusema kinyume cha alichokwisha kusema. Kamwe. Wasimwite. Lakini mtu akija mwenyewe shambani akaandika shamba, yeye hamfukuzi mtu shambani kwake.

Nikamuuliza kama amekula. Akasema mboga za kunde. Nikamwamini.

Akaniuliza mimi. Nikasema mchele na chumvi. Akasema, "Haya. Leo tumekula sawa."

Jumamosi, 18 Julai

Asubuhi. Nimepika kidogo. Nimefagia chini ya vitanda vyote, hata visivyo na watu.

Siku ya mwisho ya majina.

Niliandaa ukurasa mzima wa kutuma kwenye kundi. Historia ya misaada, makosa ya kamati, wajibu wa kaunti, heshima ya mkulima. Nikausoma. Kila sentensi ilikuwa ya kweli na kila moja ilinificha. Nikafuta. Nikafuta tena. Haikubaki hasira hata ya kuandikia, imebaki haja tu.

Nimetuma haya, na nayanakili hapa kwa kuwa hakuna wa kumsomea:

"Wanakamati, nawe Mwenyekiti Wafula, ambaye nilikusingizia humu, na humuhumu nakuomba radhi. Mimi Rodah sina mshahara tangu Aprili. Sijatuma kitu nyumbani. Wako wengine wa kata hii walioko huku na Qatar na Saudia ambao wako kama mimi. Sitawataja. Mama zao mliwasimamisha mbele ya majirani, na mkutano mzima ukingoja kusikia kama watoto wao wanawatunza. Mlitegemea wajibu nini? Msiwasimamishe tena. Msiwaite kanisani. Leo, kabla ya jua kutua, nendeni wenyewe kwa miguu shamba kwa shamba, mtazame kilichooza, muandike shamba. Anzeni na lile la kando ya mto. Mkimkuta mama analima, msimuulize kuhusu mimi. Msalimuni, muandike, mwende."